Chuo cha Sanaa Kilichoishi na Makumbusho: Funzo kwa Ikinga

Mada kwa semina ya walimu wa sanaa, mafundi wa kazi za mikono na maofisa utamaduni, Kata ya Ikinga, Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe

 

1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie masomo ya sanaa na usanifu katika chuo kinachofanya kazi pamoja na makumbusho. Mzazi wa Ikinga mwenye mtoto anayejua kuchora huwaza kumpeleka mbali: Bagamoyo, kwenye taasisi iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 na sasa inaitwa TaSUBa, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni sawa, na apelekwe. Lakini kabla hajafika huko kuna jambo anaweza kulipata hapahapa, nalo ndilo lililovipa nguvu vyuo vya namna hii: kujifunza akiwa na kitu halisi mkononi, huku akijua nani alikitengeneza, kwa nini na kwa namna gani. Hoja yangu leo ni kwamba tuanze na vitu, chuo kitafuata.

2. Makerere ilivyoanza

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni chuo cha Makerere, Uganda. Mwaka 1937 Margaret Trowell, mwalimu wa sanaa kutoka Uingereza, alianza kufundisha kuchora nyumbani kwake Kampala, akiwa na wanafunzi wachache tu. Masomo hayo ndiyo yaliyokua yakawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo baadaye ilipewa jina lake.

Wakati huo Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908, yalikuwa kwenye jengo dogo la ngome ya Lugard, Old Kampala. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 vitu vyake vilihamishiwa Makerere na kuwekwa chini ya uangalizi wa Trowell huyohuyo. Kwa miaka kadhaa, basi, mwalimu wa sanaa ndiye aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho. Ngoma, ngao, vyungu na nguo za magome vilikuwa jirani na darasa. Mwaka 1953 Trowell na Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyekuja kuyasimamia makumbusho, walitoa kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za Uganda. Mwaka 1954 makumbusho yakapata jengo lake kwenye kilima cha Kitante, yalipo hadi leo.

Tuwatazame waliopita hapo. Gregory Maloba kutoka Kenya alikuwa mwanafunzi, kisha mwalimu, na ndiye aliyechonga sanamu ya Uhuru iliyopo Kampala. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisoma Makerere katika miaka ya 1940, akafundisha hapo, na mwaka 1961 akawa Balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza. Alichora maisha ya Wachaga: mashamba, migomba, kazi za pamoja. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro, alisoma Makerere, kisha akafungua jumba la sanaa la Kibo kule Marangu na Paa ya Paa jijini Nairobi katika miaka ya 1960.

Nje ya Afrika historia inafanana. Chuo cha sanaa cha Chicago kilianza mwaka 1866, na mkusanyiko wa makumbusho yanayojulikana leo kwa jina la Art Institute ukakua nacho. 

3. Somo lenyewe linavyokwenda

Chukueni kikapu cha mianzi kutoka milima hii ya Bundali. Kwanza mwanafunzi anakichora kutoka juu, ubavuni na chini. Pili anakipima: kina, upana wa mdomo, unene wa kila ukanda. Tatu anauliza: mwanzi ulikatwa ukiwa na umri gani, ulipasuliwaje, kwa nini kitako kina pembe nne na mdomo ni mviringo. Maswali haya hayajibiwi na mwalimu peke yake. Fundi huitwa darasani, au darasa huenda kwa fundi. Mwisho mwanafunzi anabuni cha kwake, tuseme kikapu cha kuchumia kahawa au cha kupangia bidhaa kwenye soko la Tunduma.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayomtofautisha mbunifu na mnakili. Aliyezoea kuchora kutoka kwenye picha ya simu anajua sura ya kikapu. Aliyekifumua na kukisuka upya anajua ni wapi kitakatika kikibebeshwa mzigo mzito.

Trowell alikosolewa, tena kwa haki, kwamba hakutaka wanafunzi waone sana sanaa ya Ulaya, kana kwamba Mwafrika ataharibika akiiona. Cecil Todd aliyemfuata alileta historia ya sanaa ya dunia na mafunzo mazito ya rangi. Sisi tuchukue pande zote mbili: mtoto wa Ikinga aanze na mwanzi, halafu aone kila kitu.

4. Jambo la kuchunga

Mkusanyiko unaweza kuwa dhuluma. Watu wa Kampala waliyaita makumbusho yale ya kwanza Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya vifaa vya uganga, kwa kuwa yalijaa vitu hivyo, ambavyo wenyewe wasingependa kila mtu avitazame. Ng'ambo ya Tunduma, kule Mbala nchini Zambia, Makumbusho ya Moto Moto yalikua kutokana na vitu vilivyokusanywa na Padri Jean-Jacques Corbeil, vikiwemo vinyago vya udongo vya mafunzo ya wasichana wa Kibemba. Vitu vya unyago vina wenyewe na vina masharti yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo inalinda urithi wa nchi. Kwa hiyo hakuna kitu tutakachokusanya bila ridhaa ya mwenye nacho, na cha siri kibaki kwa wenye siri.

5. Tulicho nacho

Ikinga haiko pembeni kama tunavyodhani. Ndolezi, wilayani Mbozi, kuna kimondo chenye uzito wa takriban tani 16, ambacho mwanafunzi anaweza kukichora kikiwa palepale kilipoangukia. Ng'ambo ya Mto Songwe, mjini Karonga, Malawi, kuna makumbusho yenye mifupa ya dinosaria aliyegunduliwa huko. Mashariki yetu, kwenye fukwe za Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyouzwa kote Nyanda za Juu Kusini. Wanyiha wa Mbozi walifua chuma chao wenyewe zamani. Na hapa nyumbani kuna mianzi na mikono inayoijua.

6. Mapendekezo

Kwanza, shule moja ya sekondari itenge chumba au walau kabati lenye kufuli kwa vitu vya mafundi wa kata.

Pili, kila kitu kiwe na ukurasa wake kwenye daftari: jina la fundi, kijiji, mwaka, malighafi, kazi yake, na nani alikitoa. Kisicho na taarifa hizo hakifundishi.

Tatu, mafundi walipwe wanapofundisha. Tusimwite fundi mgeni rasmi na kumshukuru kwa makofi.

Nne, shule zinazoingia mkondo wa amali zitumie mkusanyiko huo kwa masomo ya ubunifu, na kazi bora za wanafunzi ziingie kwenye kabati hilohilo.

Tano, ofisi ya utamaduni ya wilaya iombe ushauri wa Makumbusho ya Taifa kuhusu kuhifadhi vitu dhidi ya mchwa na unyevu, maadui wakubwa wa mwanzi.

7. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, Makerere haikungoja jengo. Ilianza na mwalimu na wanafunzi wachache, kisha vitu vya kutazama vikawekwa jirani na darasa. Naomba semina hii isifungwe kabla haijateua shule itakayotunza daftari hilo na mwalimu atakayeandika ukurasa wake wa kwanza. Mafundi wenye umri mkubwa wapo nasi leo. Tuanze na majina yao.