Kipketer na makaratasi ya uraia

Kijana wa Lalago, Simiyu, anayejifua alfajiri kandokando ya mashamba ya pamba anapaswa kulijua jina la Wilson Kipketer. Mkenya huyo alihamia Denmark kimasomo mwaka 1990. Mwaka 1995, mjini Gothenburg, akaipa Denmark ubingwa wa dunia wa mita 800. Mwaka uliofuata, Atlanta, hakuruhusiwa kukimbia: Olimpiki ilidai uraia kamili, naye alikuwa bado hajaupata. Bingwa wa dunia, miguu ikiwa moto, akabaki mtazamaji. Kwangu hiyo ilikuwa dhuluma. Mwaka 1997 aliivunja rekodi ya dunia ya Sebastian Coe, akaifikisha dakika 1 na sekunde 41.11. Dhahabu ya Olimpiki hakuipata kamwe. Aliambulia fedha Sydney na shaba Athens.

Siku hizi mwanariadha anayehamia nchi nyingine husubiri miaka 3 kabla ya kuiwakilisha, na Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nje hupoteza wa kwetu. Maofisa michezo wa Simiyu wasiishie kushika saa uwanjani. Wamfuatilie kijana cheti cha kuzaliwa na pasipoti mapema, na mkataba wa wakala usisainiwe kabla haujasomwa na anayejua sheria.