Bati Moja kwa Mwezi
(Hotuba ya mwanachama wetu anayeishi Ufaransa, aliyoitoa katika harambee ya mwaka)



Nimeombwa nieleze maisha ya huko niliko. Wengi mkisikia Ufaransa mnawaza Paris. Mimi naishi Dordogne, kusini-magharibi mwa nchi, shamba kabisa. Mkoa huo una komuni takriban 500, yaani vijiji na miji, kila kimoja na meya wake. Ofisi ya kijiji chetu hufunguliwa siku chache tu kwa wiki. Usipokuwa na gari, hutoki. Mkate huletwa na gari la mwokaji. Likipiga honi, tunatoka na chenji mkononi.

Jumamosi tunakwenda soko la Sarlat kununua jozi, jibini ya mbuzi na uyoga wa msimu. Bei imeandikwa, hakuna kupatana, lakini salamu ni lazima: ukiuliza bei kabla ya kusema "bonjour", unaonekana kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi. Wageni wangu huwapeleka Montignac, kwenye michoro ya kale ya Lascaux. Pango lenyewe lilifungwa mwaka 1963 kwa sababu pumzi za watazamaji zilikuwa zinaiharibu michoro. Siku hizi watu huonyeshwa nakala iliyojengwa jirani.

Lakini ninalotaka mlisikie hasa ni hili. Vijiji vile vinapungukiwa na watu. Vijana wanahamia mijini, duka linafungwa, darasa likikosa watoto nalo linafungwa. Wanaobaki hujiunga katika vyama chini ya sheria ya mwaka 1901. Watu wawili tu wanatosha kuanzisha chama. Kiangazi huandaa mnada wa vitu vya zamani, na kila muuzaji hulipia nafasi yake kwa mita. Baridi ikiingia huchezesha loto, na zawadi huwa kapu la vyakula. Kwenye karamu ya kijiji kila mtu huja na sahani na uma wake, ili fedha isiishie kwenye vyombo. Kwa senti hizo watoto wa shule hupata safari zao za masomo. Mara moja kwa mwaka mweka hazina husimama ukumbini akasoma mapato na matumizi, watu wakauliza, ndipo wakapiga kura.

Sasa turudi kwetu. Wodi ya wazazi katika zahanati yetu imefika kwenye lenta, na masika mbili zimeinyeshea. Mama zetu bado wanabebwa kwa pikipiki usiku kwenda kujifungulia mjini. Michango mikubwa ya mwanzo imejenga kuta. Paa linahitaji mchango mdogo usiokatika.

Mimi naahidi bati mbili kila mwezi mpaka jengo lifunikwe. Namwomba kila aliye nje ya kijiji achukue walau bati moja, na aliyepo nyumbani atoe misumari, mbao au siku yake ya kazi. Kwa kamati nina ombi moja: hesabu isomwe hapa mbele ya wote, kisha ibandikwe ukutani pa zahanati, ili aliyetoa bati moja aweze kuliona bati lake.