Ushahidi Kabla ya Hukumu: Vyuo Vikuu na Utawala wa Akili Unde



Novemba 30, 2022 kampuni ya OpenAI iliufungulia umma programu ya ChatGPT. Kabla miezi mitatu haijatimia, Chuo Kikuu cha Hong Kong kilikuwa kimewakataza wanafunzi kuitumia katika masomo yao bila idhini ya mhadhiri. Julai 2023, vyuo 24 vya Russell Group nchini Uingereza vilishika njia nyingine: vikatoa misingi mitano inayotaka walimu na wanafunzi wafundishwe kutumia akili unde kwa uadilifu. Chuo cha Hong Kong nacho baadaye kikalegeza msimamo.

Kwa hiyo sitawachosha leo kwa mjadala wa kuruhusu au kukataza. Swali langu ni la kamati ya nidhamu: mwanafunzi anayetuhumiwa kuandikiwa kazi na mashine atatiwa hatiani kwa ushahidi gani?

Vyuo vingi vimelijibu kwa kununua programu za kubaini maandishi ya mashine. Tuzitazame. Januari 2023 OpenAI wenyewe walitoa ya kwao. Kwa vipimo vyao, ilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na ikayasingizia asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Julai mwaka huohuo wakaiondoa. Agosti, Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kikaizima ile ya kampuni ya Turnitin baada ya kupiga hesabu: mwaka 2022 kilikuwa kimepitisha kazi 75,000 katika mfumo wa Turnitin, na kosa la asilimia 1 tu lingetosha kuwatuhumu bure waandishi wa kazi 750 hivi.

Kosa hilo haliwaangukii wote sawasawa. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizijaribu programu saba kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine. Sababu inaeleweka: programu hizi hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika, na anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia msamiati mdogo na miundo iliyozoeleka. Mfikirieni kijana wa Dodoma aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akafunzwa Kiingereza cha kujibu mitihani. Huyo ndiye atakayeshukiwa kwanza, na kosa lake ni kuandika kama tulivyomfundisha.

Wapo watakaosema kwamba bila programu hizo wadanganyifu watapeta. Baadhi watapeta, sikatai. Lakini mzigo wa kuthibitisha humwelemea anayeshtaki, na asilimia kwenye skrini haihojiki wala haikatiwi rufaa.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, matokeo ya programu yasiwe ushahidi pekee. Mwanafunzi aitwe aieleze kazi yake na aonyeshe rasimu zake. Pili, kila zoezi liseme wazi kinachoruhusiwa. Chuo Kikuu cha Sydney kimetenganisha mitihani inayosimamiwa ana kwa ana na kazi za wazi ambazo akili unde inaruhusiwa. Tatu, kanuni itufunge na sisi wahadhiri. Anayeipakia tasnifu ya mwanafunzi kwenye programu ya kampuni ya nje ili isahihishwe upesi anapeleka mbali taarifa za mtu, ilhali Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022.

Yote haya yana gharama. Mtihani wa mdomo kwa darasa la mamia unahitaji watahini, vyumba na siku nyingi. Seneti ya chuo ikipitisha sera bila fungu la kuitekeleza, mhadhiri aliyeelemewa atarudi kwenye programu ileile, na hukumu itatolewa na mashine ambayo hakuna kati yetu aliyeichagua kuwa hakimu.