Uwanja wa shule si kiwanja kisicho na mwenyewe

Nawakaribisha wazazi, walimu, wachungaji na wazee wa kanisa, na wewe mwanafunzi utakayesoma karatasi hii ikibandikwa ubaoni. Leo tunazungumza juu ya mahali pa kuchezea katika shule zetu za kanisa hapa Nakivale.

Tuanze na hali ilivyo. Kengele ya mapumziko ikilia, watoto hutoka wote kwa pamoja. Wavulana wakubwa wana mpira wao wa majani makavu ya migomba, nao huchukua uwanja mzima. Wasichana wanaotaka kucheza nzango au kuruka kamba hubanwa pembeni karibu na vyoo. Wadogo wa darasa la kwanza huegemea ukuta, maana anayeingia katikati huangushwa. Kivuli hakuna. Chini ni mawe na vumbi.

Halafu kwenye mkutano wa kamati mtu husimama na kusema: eneo hili limekaa bure, tujenge darasa lingine, au tulime maharagwe ya walimu. Anayesema hivyo si mtu mbaya. Madarasa yetu yamejaa, na mwalimu naye anahitaji kula. Lakini ndugu zangu, eneo hilo halikai bure. Lina kazi yake.

Mfikirie mtoto aliyefika karibuni kutoka Kivu. Kule alisoma kwa Kifaransa, hapa anakuta Kiingereza. Darasani hunyamaza kutwa nzima. Lakini kamba ikizungushwa, hahitaji Kiingereza ili aruke. Rafiki yake wa kwanza, awe Mrundi, Mnyarwanda, Msomali au Mnyankole, atampata pale nje. Tukiumaliza uwanja, tunamfungia mlango aliobaki nao.

Sheria nayo iko upande wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa mwaka 1989, na Uganda iliuridhia mwaka 1990. Kifungu cha 31 kinasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Mtoto mkimbizi hakutolewa humo. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate, kwa wastani, angalau dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili. Mtoto anayelala na ndugu zake sita katika chumba kimoja, dakika hizo atazipata wapi kama si shuleni?

Wachungaji wetu, fungueni kitabu cha Zekaria, sura ya 8. Nabii alisema na watu waliorudi kutoka uhamishoni, mji wao ukiwa bado haujasimama vizuri. Alipowaeleza jinsi amani itakavyoonekana, aliwaonyesha wazee wenye mikongojo wameketi, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Sisi tuliokimbia vita tunaielewa picha hiyo. Shule yenye jina la kanisa ingefaa iwe ya kwanza kuichora.

Basi tufanye nini, na pesa hatuna?

Kwanza, chorani ramani ya shule nzima kwenye karatasi moja: madarasa yaliyopo, darasa mnalotaka kujenga, vyoo, bomba la maji, shamba na uwanja. Mkiviona pamoja, ni rahisi kupata mahali pa darasa bila kuumeza uwanja wote.

Pili, tembeeni uwanjani pamoja na watoto, kwa kuwa wao ndio wanajua wanapoumia. Okoteni mawe, vipande vya chupa na misumari. Fukieni mashimo. Shimo la choo cha zamani lililofunikwa kwa miti na udongo lizungushiwe uzio leo hii, kisha lijazwe kabisa, kwa sababu miti huoza na mtoto akatumbukia. Milingoti ya magoli ichimbiwe chini sana. Goli linalotikisika linaweza kumwangukia mtoto na kumuua. Kama ua ni wa minyaa, ile inayotoa maziwa meupe, uwe mbali na watoto. Maziwa yake yakiingia jichoni, osheni jicho mara moja kwa maji mengi safi, kisha mtoto apelekwe kituo cha afya.

Tatu, gaweni uwanja. Mstari wa majivu au wa mawe yaliyofukiwa unatosha. Upande mmoja uwe wa mpira, mwingine wa nzango, kamba na kwepena, na sehemu iliyo karibu na madarasa iwe ya wadogo. Uwanja wa mpira nao uwe wa zamu, wasichana wawe na siku zao. Mwalimu mmoja awe nje kila mapumziko, tena awe anaangalia, siyo anasahihisha madaftari.

Nne, kivuli. Mvua za Septemba ndizo za kupandia. Mwembe hukawia lakini kivuli chake ni kizito. Mgrevilea hukua haraka zaidi. Kila darasa lipewe mti wake, liuzungushie miiba kwa ajili ya mbuzi, na liupe kopo la maji jioni jua likizidi. Chini ya mti mmoja wekeni gogo la kukalia, watoto wasiopenda mbio wacheze mweso au wasimuliane hadithi.

Tano, vifaa. Tairi kuukuu likifukiwa nusu huwa kitu cha kuruka na kupanda. Chagueni lisilotokeza nyaya, na mlitoboe matundu upande wa chini maji ya mvua yatoke, maana yakituama mbu huzaliana humo. Bembea zinapendeza, lakini kama hamna mchanga wa kina cha sentimita 30 hivi chini yake, subirini kwanza. Ardhi yetu wakati wa kiangazi ni ngumu kama saruji.

Sita, mtoto mwenye ulemavu. Sawazisheni njia kutoka darasani hadi kwenye kivuli, kiti cha magurudumu kipite bila kubebwa. Kwa mtoto asiyeona, vikeni mpira mfuko wa plastiki unaopiga kelele ukibingirika, naye ataufuata kwa masikio. Hilo halina gharama yoyote.

Kazi hizi nyingi ni za Jumamosi mbili tu, jembe na mikono. Zungumzeni na mwalimu mkuu na kamati ya shule, na mwenyekiti wa RWC ajue, ili kesho mtu asije akasema mmejigawia ardhi.

Jioni ya leo, muulize mwanao swali hili: wakati wa mapumziko unacheza wapi, na unacheza na nani? Akikujibu kwamba yeye husimama tu ukutani, nenda kwenye mkutano ujao wa kamati, na jibu lake ulisome mbele ya wote kabla hawajaamua uwanja ujengwe nini.