Moyo wa Mtoto Tumboni na Baada ya Kuzaliwa

Jioni hii tutazungumza habari ya moyo wa mtoto, jinsi uendavyo angali tumboni, na jinsi ugeukavyo mara azaliwapo.

Sisi tulio nje, damu yetu hupita mapafuni ikachukua hewa safi. Lakini mtoto aliye tumboni hapumui kama sisi. Mapafu yake yamejaa maji. Basi hewa aipata wapi? Aipata kwa mama yake. Mshipa mmoja wa kitovu humletea damu safi kutoka kondo la nyuma, na miwili hurudisha iliyokwisha tumika.

Watu wa Ngamiani wataelewa upesi. Barabara zetu zimenyooka, nazo zaitwa kwa namba. Moja ikifungwa, watu hukata uchochoroni wakatokea ya pili. Ndivyo ifanyavyo damu ya mtoto. Kwa kuwa njia ya mapafuni bado nzito, nyingi hupita njia mbili za mkato: kwanza, tundu lililo kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, pili, mshipa mfupi uunganishao mshipa mkuu wa mapafu na mshipa mkuu wa mwili.

Kisha mtoto huzaliwa, akalia. Kilio kile tukifurahiacho kina kazi kubwa. Hewa huingia, maji huondoka, na damu humiminika mapafuni. Irudipo moyoni upande wa kushoto, huusukuma utando ulioko, nao huliziba lile tundu, kama upepo usukumavyo mlango. Ule mshipa mfupi nao hujikaza, na kwa kawaida hufungika katika siku 3 za kwanza.

Lakini pengine mshipa huo hubaki wazi. Mtoto hutweta, hutoka jasho anyonyapo, wala hanenepi. Wengine husema ni kijicho. Tusipoteze siku kwa maneno hayo! Tumpeleke Hospitali ya Bombo apimwe. Katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, madaktari huweza kuuziba kwa kifaa kidogo kipitishwacho kwa mrija mwembamba katika mshipa wa paja, bila kupasua kifua.

Basi, mlango uliokataa kujifunga waweza kufungwa na mkono wa daktari, mradi sisi wazazi tusichelewe. Kwaherini.