Dawa Nayo Ihamie Shamba

Msikilizaji wa Ifakara, Mang'ula, Mlimba na bonde zima la Kilombero, leo tunazungumzia ugonjwa wa akili wa skizofrenia, na hasa namna mtu anavyorudi kwenye shughuli zake.

Shirika la Afya Duniani linasema angalau mgonjwa mmoja kati ya watatu hupona kabisa. Wengine huendelea kusikia sauti wasizozisikia wenzao, na bado wanalima, wanapika, wanalea watoto. Basi usingoje sauti zikome ndipo umrudishie ndugu yako jembe. Mpe anachokiweza leo: kuchota maji, kuanika mpunga. Akizoea, ongeza. Huruma ya kumwacha jamvini mwaka mzima inamwondolea nguvu na heshima.

Kwetu ugumu mkubwa uko kwenye msimu. Mvua zikianza, familia nyingi huhamia shamba hadi mavuno. Mbegu, sufuria na chandarua hubebwa. Dawa husahaulika, na siku ya kliniki inafika njia zikiwa zimejaa maji. Kabla hamjahama, nendeni naye Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, au anakotibiwa. Semeni mtakaa shamba muda gani. Ulizeni kama atapata dawa za kumtosha, au sindano inayofanya kazi kwa wiki kadhaa. Kama anatetemeka au anasinzia mchana kutwa, elezeni hapo hapo, maana mtaalamu anaweza kubadilisha dozi; msimwachishe dawa wenyewe.

Na kule dunguni, asipewe zamu ya kukesha akilinda shamba dhidi ya nguruwe. Kukosa usingizi kunaweza kuuamsha ugonjwa. Aamie ndege mchana, awe na mwenzake, usiku alale.

Katika hospitali za Muhimbili na Mbeya ulijaribiwa mpango uitwao KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima. Wagonjwa walikaa kikao kimoja na ndugu zao, pamoja na familia nyingine zenye hali hiyo. Hilo nimelipenda sana, kwa sababu majumbani mwetu mgonjwa hujadiliwa akiwa chumba cha pili. Ninyi mketisheni akiwa ametulia, mumuulize: ukianza kuzidiwa, tutajuaje? Akisema, "Nikikesha siku mbili mfululizo," au "Nikianza kukataa chakula cha mama," hilo ndilo la kuangalia mkiwa shamba. Kisha mkubaliane naye, mapema, nani atamsindikiza hospitali na nauli itawekwa wapi.