Mtoto Mchanga Hana Muda wa Kusubiri

Mazungumzo haya yalitayarishwa kwa wakazi wa Kapsoit. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa Kaunti ya Kericho.



Mtu mzima mwenye virusi vya HIV anaweza kukaa miaka mingi bila dalili. Huchuma chai, hupeleka majani kwenye kituo cha kununulia na kurudi nyumbani bila mtu kujua lolote. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba mtoto mchanga naye ana muda. Hana. Kinga ya mwili wake bado haijakomaa, na virusi huongezeka kwa kasi. Bila matibabu, karibu nusu ya watoto wanaoambukizwa na mama zao hufariki kabla ya kutimiza miaka 2, na hatari kubwa zaidi ni katika miezi ya kwanza. Nyumbani husemwa ni nimonia au kuhara, na chanzo hakijulikani kamwe.

Mwaka 2008, watafiti nchini Afrika Kusini walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu watoto wachanga wenye HIV. Kundi moja lilianza dawa za ARV kabla ya wiki 12, hata kama watoto walionekana wazima. Kundi la pili lilisubiri mpaka dalili zionekane au kinga ishuke. Katika kundi lililosubiri, watoto 16 kati ya kila 100 walifariki. Katika kundi lililoanza mapema, walifariki 4. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake, na tangu hapo mtoto mchanga mwenye HIV huanzishiwa dawa bila kungojea augue.

Lakini ili aanze dawa mapema, ni lazima apimwe mapema. Kipimo cha kawaida cha watu wazima hakitoshi, kwa kuwa mtoto huzaliwa na chembe za kinga za mama yake, na kipimo hicho kinaweza kuonyesha ana HIV hata kama hana. Kwa hiyo mtoto hupimwa kwa kipimo cha PCR kinachotafuta virusi vyenyewe. Muuguzi humchoma kisigino, matone machache ya damu huwekwa kwenye kadi maalumu, hukaushwa, kisha kadi hupelekwa maabara.

Kipimo cha kwanza hufanywa mtoto akiwa na wiki 6, wakati uleule wa chanjo. Safari moja ya kliniki inatosha kwa yote mawili. Ikiwa wiki 6 zimepita, apelekwe mara moja. Matokeo yakionyesha ana virusi, dawa huanza bila kuchelewa, huku sampuli ya pili ikichukuliwa kuthibitisha. Siku hizi kuna tembe ya dolutegravir ya watoto inayoyeyushwa katika maji, na hutumika pamoja na dawa nyingine kwa mtoto aliyefikisha wiki 4 na kilo 3. Kwa mtoto mdogo zaidi, daktari huchagua dawa zinazomfaa.

Mtoto asipopatikana na virusi, kazi haijaisha. Maadamu ananyonya, anaendelea na dawa ya kinga na hurudi kupimwa akiwa na miezi 6, 12 na 18. Kwa miezi 6 ya kwanza apewe maziwa ya mama peke yake, bila uji wala maziwa ya ng'ombe. Naye mama ameze ARV kila siku. Virusi vikishuka sana katika damu yake, uwezekano wa kumwambukiza mtoto huwa mdogo mno.

Vikwazo vinajulikana. Mama anayelipwa kwa kilo za majani hupoteza pesa kila siku anayokwenda kliniki. Mwingine anaogopa mume au mama mkwe ataona chupa ya dawa na kuuliza. Hapo ndipo familia inahitajika. Baba anaweza kupima na mkewe wakati wa ujauzito. Nyanya anaweza kukumbusha saa ya dawa badala ya kuuliza maswali ya kuumiza. Mama asiye na wa kumwambia azungumze na muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii, ambao wanapaswa kutunza siri. Kipimo na dawa hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.

Kuna waliosikia habari za mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyeanza dawa saa 30 hivi baada ya kuzaliwa mwaka 2010. Dawa zilikatizwa, na kwa zaidi ya miaka 2 virusi havikuonekana. Mwaka 2014 vilirudi. Kuanza mapema kuliwadhibiti virusi kwa muda mrefu, lakini hakukuviondoa. Mzazi asikatize dawa kwa sababu mtoto amenenepa na anacheza. Amenenepa kwa sababu ya dawa.

Mtoto aliyeanza mapema na kuendelea na dawa anaweza kwenda shule, kukua na siku moja kuwa mzazi. Kwa kila mtoto aliyezaliwa na mama mwenye HIV, wiki ya 6 isipite kabla hajafika kliniki.